Desima: mistari kumi yenye bawaba

Kuna hadithi ya mzee mwenye hekima aliyefukarika mpaka akawa anaishi kwa kula majani ya porini. Siku moja akajiuliza kama duniani yupo aliye hohehahe kuliko yeye. Alipogeuka nyuma alimwona mzee mwenzake akiokota majani yale yale ambayo yeye ameyatupa. Hadithi yenyewe ni kongwe. Juan Manuel, mtu wa ukoo wa kifalme wa Kastilia, aliiandika kwa nathari mwaka 1335, na kwake maskini wa kwanza anakula mbegu chungu za jamii ya maharagwe, wa pili anamfuata akila maganda. Karne tatu baadaye, katika miaka ya 1630, Pedro Calderón de la Barca akaitia ndani ya tamthilia yake *La vida es sueño*, nayo ikamtosha mistari kumi tu:

*Cuentan de un sabio que un día*
*tan pobre y mísero estaba,*
*que sólo se sustentaba*
*de unas yerbas que cogía.*
*¿Habrá otro, entre sí decía,*
*más pobre y triste que yo?*
*Y cuando el rostro volvió,*
*halló la respuesta, viendo*
*que iba otro sabio cogiendo*
*las hojas que él arrojó.*

Kama Kihispania hukijui, usihangaike na maneno. Tazama mikia ya mistari: día, estaba, sustentaba, cogía, decía, yo, volvió, viendo, cogiendo, arrojó. Kila sauti ukiipa herufi yake unapata abba, kisha ac, kisha cddc. Sasa fanya mchezo mdogo: zisome herufi hizo kutoka chini kwenda juu. Mpangilio ni ule ule. Ubeti huu umekunjwa katikati kama khanga, na pande mbili zinalaliana sawasawa.

Huo ndio ubeti uitwao desima, neno lenye maana ya “ya kumi”. Sharti zake ni mistari kumi, kila mstari mizani nane, na vina vinne vilivyopangwa kwa namna hiyo tu, si nyingine. Sharti la mwisho ndilo linalosahauliwa na wengi wanaolieleza: mstari wa nne ukiisha, wazo nalo lipumzike. Si lazima iwe nukta, yaweza kuwa nuktambili au kituo kidogo, lakini msikilizaji asikie kwamba mlango umefungwa kabla haujafunguliwa mwingine.

Nimeiita bawaba kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi. Mistari minne ya kwanza (abba) ni ubeti kamili wa kujitegemea, ambao Wahispania wanauita redondila. Minne ya mwisho (cddc) ni redondila nyingine. Katikati kuna mistari miwili ambayo si ya huku wala ya kule. Wa tano unachukua kina cha nyuma, yaani a, lakini maana yake tayari inatazama mbele. Wa sita unaleta kina kipya, c, na ndio unaowasha moto wa nusu ya pili. Sauti inarudi wakati maana inaondoka. Rudi kwa Calderón uone: mistari minne inaeleza hali ya mzee, miwili ya katikati ndiyo swali lake, na minne ya mwisho ndiyo jibu. Kwa kumfundisha mtu desima, sijapata mfano uliokaa vizuri zaidi ya huu.

Msomaji aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili anaingia hapa na faida moja na hasara moja.

Faida ni mizani. Nane ni nyumbani kwetu. Mshororo wa utenzi ni mizani nane, na kipande cha shairi la tarbia, ukwapi au utao, ni mizani nane vilevile. Mtu aliyesikia tenzi tangu utotoni ana nane ndani ya pumzi yake, hahitaji kuhesabu kwa vidole.

Hasara ni kungoja. Katika shairi letu la arudhi kina hakipotei. Kinakuja katikati ya mshororo, kinakuja mwishoni, mshororo unaofuata kinakuja tena pale pale. Katika utenzi mishororo mitatu inaimba kina kimoja na wa nne unashika kina cha utenzi mzima. Sikio letu limezoea kulishwa papo hapo. Desima inalinyima. Inatoa a, inaificha kwa mistari miwili, inairudisha mara mbili mfululizo, halafu inaiacha moja kwa moja, haionekani tena. Ndiyo maana anayeisikia mara ya kwanza anaweza kudhani vina vimekosewa.

Nilijaribu kuipitisha hadithi ya yule mzee katika Kiswahili, kwa mpangilio na vina vya Wahispania, ili sikio lipate la kushika:

*Mzee mwenye hekima*
*alihamia nyikani,*
*bila chembe kibabani*
*ila mboga za mlima.*
*Akasema, “Nchi nzima*
*nani kanizidi njaa?”*
*Kugeuka, kaduwaa:*
*mwenzi nyuma aokota,*
*huku chini akisota,*
*mboga alizokataa.*

Kazi haikuwa kwenye mizani, ilikuwa kwenye vina. Kwetu kina ni silabi ya mwisho. Hekima, salama, huruma: zote zinaishia “ma”, zimetosha, hakuna mwalimu atakayekukemea. Mhispania hakubali. Kwake kina kinaanzia kwenye irabu yenye mkazo na kwenda hadi mwisho wa neno, hivyo “hekima” inaitaka “mlima” au “nzima”, na “salama” ni kina kingine kabisa, aende akatafutane na “karama”. Nilipotaka kufunga kwa “majani” nilikuta “-ani” nimeshaitumia juu, ikabidi majani yawe mboga. Ndivyo ubeti wa namna hii unavyomburuta mtunzi.

Tofauti nyingine iko kwenye kuhesabu, na hapa ndipo wanaojifunza desima kwa mara ya kwanza hupotea. Sisi tunahesabu silabi zilizopo. Wahispania wanahesabu mpaka silabi ya mwisho yenye mkazo, kisha wanaongeza moja, iwepo isiwepo. Chukua mstari *más pobre y triste que yo*. Ukiutamka unasikia silabi saba, lakini kwa kuwa “yo” lina mkazo na liko mwisho kabisa, mstari unahesabiwa nane. Neno la mwisho likiwa na mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, kama *música*, wanapunguza moja. Pia irabu ya mwisho wa neno ikikutana na irabu ya mwanzo wa neno linalofuata, mbili hizo huyeyuka kuwa silabi moja: *de un* ni moja, *que un* ni moja.

Kiswahili kina bahati katika hili la kwanza, maana mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, ukiacha machache kama *lazima* ya baadhi ya wasemaji, au *barabara* yenye maana ya sawasawa. Kwa hiyo mshororo wetu wa mizani nane ni nane kwao pia, bila kuongeza wala kupunguza. Taabu iko kwenye kuyeyusha. Sisi kila irabu ina mizani yake. Mhispania akiupima mstari wangu wa nane, *mwenzi nyuma aokota*, atakuta saba, na akiwa na haraka atakuta sita, kisha ataniambia nina deni la silabi.

Muundo wenyewe ulitoka wapi? Jina linalotajwa kila mahali ni Vicente Espinel, aliyezaliwa Ronda, Andalusia, mwaka 1550. Alikuwa padri, mwanamuziki, mwandishi, na maisha yake hayakuwa ya utulivu. Mwaka 1591 alichapisha Madrid diwani yake *Diversas rimas*, na ndani yake mlikuwa na beti za mistari kumi zilizopangwa hivi. Rafiki yake mdogo kiumri, Lope de Vega, ambaye ndiye alikuwa mfalme wa majukwaa ya Uhispania enzi hizo, alizipenda akaziita espinela, na jina likashika. Mpaka leo wataalamu wakitaka kusema kwa uhakika wanasema “desima espinela”.

Lope alimpa Espinel sifa nyingine pia, ya kuongeza uzi wa tano kwenye gitaa. Hiyo si kweli, gitaa za nyuzi tano zilikuwapo kabla Espinel hajajua kupiga. Hata desima yenyewe hakuwa wa kwanza: mifano yenye mpangilio ule ule imeonekana kwa Juan de Mal Lara wa Sevilla, aliyefariki mwaka 1571, miaka ishirini kabla ya diwani ya Espinel. Mimi sioni kama hilo linamnyang'anya kitu. Kabla yake washairi walikuwa na beti za mistari kumi chungu nzima, nyingi zikiwa ni beti mbili za mistari mitano zilizowekwa bega kwa bega, zikikatika katikati kabisa, tano na tano. Zinachosha. Alichokifanya yeye ni kuhamisha mkato kutoka mstari wa tano kwenda wa nne na kuiacha ile miwili ya katikati ifanye daraja, tena akaufanya mtindo huo ufuatwe. Kugundua ni jambo moja, kusababisha watu waige ni lingine.

Kuhusu matumizi tuna ushahidi mzuri, kwa sababu Lope mwenyewe aliandika mwongozo wa tamthilia kwa shairi mwaka 1609, na humo akaeleza ubeti upi unafaa nini. Maneno yake juu ya desima ni mafupi: *Las décimas son buenas para quejas*, desima zafaa kwa malalamiko. Soneti alimpa mhusika anayengoja, masimulizi akayapa mtindo uitwao romance, mambo mazito akayapa beti za mistari mitatu, na mapenzi akayapa redondila. Hadhira ya wakati ule ilisikia mabadiliko ya ubeti jinsi sisi tunavyosikia muziki ukibadilika kwenye filamu: mhusika akianza desima, watu walijua sasa tunasikia donda.

Calderón aliufuata ushauri huo kwa ukamilifu. Katika tamthilia ile ile ya mzee na majani, mwanamfalme Segismundo amefungwa mnarani tangu kuzaliwa, hajui kosa lake. Anapofungua kinywa kuziuliza mbingu amekosa nini, anauliza kwa desima, moja baada ya nyingine, na katika kila moja anajilinganisha: ndege ana uhuru kuliko yeye, mnyama, samaki, hata kijito cha maji. Rosaura, anayemsikia gizani, ndiye anayemjibu kwa ile desima ya mzee mwenye hekima, kumwambia kwamba alidhani yeye ndiye mwenye bahati mbaya kuliko wote mpaka aliposikia sauti yake. Lalamiko limejibiwa kwa ubeti wa lalamiko. Kisha mwishoni mwa sehemu ya pili Segismundo anarudi tena kwenye desima kusema kwamba maisha ni ndoto na ndoto nazo ni ndoto. Watoto wa shule wa Uhispania bado wanaikariri.

Hispania baadaye iliipunguzia desima nafasi. Huko ng'ambo mambo yalikwenda kinyume. Mapadri waliipeleka Amerika kufundishia dini, mabaharia na askari waliipeleka kwa sababu zao, na wakulima kutoka visiwa vya Kanari waliohamia Kuba na Puerto Rico waliipeleka mashambani. Ubeti wa majumba ya maonyesho ya Madrid ukawa ubeti wa mkata miwa. Ndiyo safari ninayoipenda kuliko zote katika historia ya ushairi, maana kwa kawaida tunasikia kinyume chake, wasomi wakichukua cha mashambani.

Lakini safari hiyo ndiyo iliyoleta mkorogo wa maneno. Ukisikia “desima” sehemu tofauti, usidhani mnazungumzia kitu kimoja. Kuba na Puerto Rico kwa kawaida ni ubeti mmoja wa mistari kumi kama nilivyoueleza. Puerto Rico wana pia mdogo wake, desimila, wenye mpangilio ule ule wa vina lakini mizani sita, unaoimbwa hasa katika nyimbo za Krismasi. Panama, Peru na pwani ya Ekuado, “desima” mara nyingi ni utungo mzima wa mistari 44, nitaueleza sasa hivi. Chile utungo wa namna hiyo wanauita *verso*, neno ambalo kwa Mhispania wa kawaida maana yake ni mstari mmoja tu. Na huko Louisiana, Marekani, wazao wa wahamiaji wa Kanari wameimba nyimbo za kusimulia uvuvi na vita wanazoziita desima ingawa nyingi hazina mpangilio wa mistari kumi hata kidogo. Jina lilibaki, ubeti ukaondoka.

Hiyo mistari 44 inaitwa glosa, nayo ilikuwapo Uhispania tangu karne ya 15, kabla ya desima yenyewe. Unachukua ubeti wa mistari minne, aghalabu wa mtu mwingine au unaojulikana na watu. Kisha unatunga beti nne za kumi. Ubeti wa kwanza uishie na mstari wa kwanza wa ule uliouchukua, wa pili uishie na wa pili, mpaka wa nne. Minne kujumlisha arobaini. Mstari wa mtu unausogelea kwa mistari tisa ya kwako, na unapofika unasikika kama ulikuwa wako tangu mwanzo.

Anayeijua takhmisa hatashangaa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule wa *Al-Inkishafi*, aliuchukua utungo unaohusishwa na Fumo Liyongo, akaongeza mishororo yake mitatu kabla ya kila miwili ya asili. Ni tamaa ile ile ya kuingia ndani ya maneno ya mkubwa bila kuyaharibu. Sisi tuliipata kwa Waarabu. Wahispania nao waliishi na ushairi wa Kiarabu nyumbani kwao kwa karne nyingi: Ibn Quzman wa Córdoba, aliyefariki mwaka 1160, alitunga zajali ambazo beti zake zinakwenda vina vitatu vya aina moja na cha nne kinachorudi utungo mzima, yaani aaab, kama utenzi. Kusema desima imetoka huko ni kuruka mto usio na daraja. Ila ukiona utenzi na zajali vinafanana, si macho yako.

Glosa ya Kiperu inayojulikana na karibu kila mtoto wa shule huko ni ya Nicomedes Santa Cruz. Alizaliwa Lima mwaka 1925, Mweusi, mtoto wa familia ya wasanii, na kabla hajawa mshairi wa redioni alikuwa mfua vyuma. Desima alifundishwa na mzee Porfirio Vásquez, wakati ambao watu walikuwa wameanza kuisahau. Katika glosa hiyo anakumbuka shule ya mtaani kwao, na mstari wa kwanza unasema alijifunza masomo kwa *cocachos*. Nimekaa na neno hilo nikitafuta la Kiswahili, kumbe tunalo tayari, na wengi wetu tuna kovu lake: makonzi. Alijifunza kwa makonzi ya utosini. Utungo mzima ni mtu mzima anayecheka utoto wake, lakini ubeti wa kwanza ukifunga, konzi linasikika. Peru imeifanya tarehe 4 Juni, siku aliyozaliwa, kuwa siku ya utamaduni wa Waperu wenye asili ya Afrika.

Mpaka hapa nimezungumzia desima iliyoandikwa. Iliyo hai zaidi haiandikwi. Inatungwa papo kwa papo, mbele za watu, juu ya gitaa.

Kuba wanaoifanya kazi hiyo wanaitwa warepentista, na muziki wao ni *punto*, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2017. Washairi wawili wanasimama. Mmoja anaghani desima, mwenzake anamjibu kwa desima, na wapiga nyuzi wanajaza nafasi kati ya mafungu ya mistari. Nafasi hizo ndogo ndizo pumzi ya mshairi: wewe unasikia muziki mtamu, yeye anatafuta kina. Mpambano mashuhuri kuliko yote ulikuwa mwaka 1955 huko San Antonio de los Baños, kati ya Jesús Orta Ruiz, aliyejiita Indio Naborí, na Ángel Valiente. Mada zilikuwa mapenzi, uhuru na kifo. Wakuba wanauita mpambano wa karne.

Mtu anawezaje kutunga mistari kumi yenye vina vinne, akiwa amesimama, kwa muda wa kupiga chafya? Siri ni kwamba hatungi kutoka juu. Anatunga kutoka chini. Wanalo zoezi linaloitwa *pie forzado*, mguu wa lazima: hadhira inampigia kelele mstari mmoja wa mizani nane, na desima yake lazima iishie na mstari huo. Tuseme tuko kwenye pantoni ya Kigamboni na mtu anapaza sauti, “Tumechelewa kivuko!” Mizani nane, safi. Mshairi hapo hapo ameshapewa kina cha c, yaani “-uko”. Anajua mstari wa sita na wa saba lazima viishie hivyo, basi anashika mawili, mfuko na anguko. Anajua wa nane na wa tisa ni jozi, anatafuta jozi nyepesi. Sasa nusu ya pili iko mfukoni. Ndipo anafungua kinywa kuimba nusu ya kwanza, ambayo ni rahisi zaidi kwa sababu haidaiwi chochote, na wakati mdomo unaimba juu, akili inapanga chini. Wasikilizaji wanadhani mstari wa kumi ndio aliofika mwisho akihema. Ndio alioanzia.

Na hapa bawaba ya mstari wa nne inaonyesha faida yake halisi. Kituo kile si urembo. Ni mahali ambapo mtunzi anaweza kuvuta pumzi bila kuonekana amekwama, na mpinzani anaweza kupima ubeti unaelekea wapi ili aanze kuandaa jibu. Nina hakika ubeti wa tano na tano usingedumu mashambani hata kizazi kimoja.

Argentina na Uruguay mashindano hayo yanaitwa payada, na siku hizi huimbwa kwa desima juu ya mahadhi ya milonga. Gwiji lao ni Gabino Ezeiza wa Buenos Aires, mzao wa Waafrika, aliyeishi 1858 hadi 1916. Tarehe 23 Julai 1884 alipambana nchini Uruguay na Juan de Nava, na kwa ajili ya siku hiyo Argentina inaadhimisha Siku ya Payadori kila tarehe 23 Julai. Ezeiza, Santa Cruz, na wazee Weusi wa jimbo la Esmeraldas huko Ekuado, ambao hawaimbi desima bali wanazighani kutoka kichwani, glosa nzima nzima za mistari 44, wengi wao bila kujua kusoma. Ubeti uliochapishwa na padri wa Andalusia ulitunzwa na watu ambao mababu zao walipelekwa kule kwa minyororo. Lope alisema desima zafaa kwa malalamiko, na hawa walikuwa nayo ya kutosha, ingawa ukizisikiliza za Esmeraldas utakuta pia uongo mtamu wa wavuvi, safari za kuzimu na mbinguni, na vichekesho vya kuvunja mbavu.

Mahali ambapo ubeti huu umeshuka chini kabisa ndani ya maisha ni bonde la kati la Chile. Waimbaji huko, wengine wakipiga gitaa kubwa lenye nyuzi 25, wanagawa kazi yao mara mbili, kuimba ya Mungu na kuimba ya binadamu. Violeta Parra alizunguka vijijini miaka ya 1950 kuwarekodi, na baadaye akaisimulia historia ya maisha yake mwenyewe kwa desima. Ya Mungu huimbwa usiku kucha, waimbaji wakikaa kwa duara, kila mmoja akitoa desima moja juu ya mada iliyochaguliwa, zamu ikizunguka mpaka alfajiri.

Zamani usiku kama huo uliitishwa pia mtoto mchanga akifa. Walimvika nguo nyeupe, wakamkalisha juu ya meza kati ya maua kama aliye hai, kwa imani kwamba ameshakuwa malaika. Waimbaji waliimba habari za uumbaji, za mateso ya Yesu, saa baada ya saa. Kukikaribia kupambazuka, mmoja wao alianza desima za kuaga, na katika hizo hakusema kwa sauti yake. Alisema kama mtoto: kwaheri mama, usilie sana, machozi yatanilowesha mabawa. Mstari wa nne ukifika alinyamaza kidogo, gitaa likapita peke yake, kisha mtoto akaendelea kuwaaga baba, wasimamizi wake wa ubatizo, na majirani waliokesha, mmoja mmoja, mpaka watu wakasimama kumbeba.